Mkristo na Wajibu wa Kuitangaza Imani Yake

Je, Mkristo anayeamini kuwa ni wajibu wake kuitangaza dini huwa tayari kuitangaza? Ripoti ya shirika la utafiti la Barna, Marekani, ya mwaka 2019 ilionyesha pengo. Miongoni mwa vijana Wakristo wanaoshika dini, zaidi ya asilimia 90 walikubali kuwa kushuhudia ni sehemu ya imani yao. Lakini asilimia 47 waliona ni makosa kumweleza mtu wa dini nyengine kwa nia ya kumvuta.

Mimi sioni kuwa ni unafiki. Wengi wanachelea kumvunjia jirani heshima. Lakini kutangaza si kulazimisha. Hapa Pwani, mmishonari Johannes Rebmann alifika Rabai mwaka 1846, akajifunza lugha za wenyeji na kukaa hadi 1875, ingawa waliobatizwa walikuwa wachache.