Mikono Miwili, Ngao Hakuna

Ukishika upanga kwa mikono miwili, ngao utaishika na nini? Hilo ndilo swali nawauliza masela wangu wa Old Town wanaocheza Skyrim. Kila levo ikipanda unachagua kimoja: uchawi, uhai au stamina. Wengi wanajaza stamina tu ili wapige mapigo mazito, halafu wanakufa kwa jitu la kwanza. Hata mimi yamenikuta, tena usiku kucha.

Sasa tokeni nje mtazame Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga 1593. Kwao walikuwa na upanga wa mikono miwili, wakiuita montante, na ngomeni walikuwa na mizinga. Lakini Waomani walipowazingira Machi 1696, mzingiro ule ulichukua karibu miaka mitatu! Waliokuwa ndani, Wareno pamoja na Waswahili waliowaunga mkono, wengi waliuawa na njaa na maradhi, si panga. Ngome ilipotekwa Desemba 1698, waliobaki hai walikuwa wachache mno. Kuta zilikuwa zimesimama bado. Watu ndio walioisha.

Kwa hivyo rai yangu ni hii: shujaa asiye na ngao, uhai wake ndio ngao. Katika levo kumi za mwanzo, sita tia kwenye uhai, nne kwenye stamina. Beba dawa, beba na chakula. Nguvu ya kupiga itakuja yenyewe.

Ukibisha, pita ngomeni siku moja, uziguse zile kuta, kisha uniambie zilimwokoa nani.