Kalehe: mto ukipungua ghafula mvua ikinyesha

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa iliua watu zaidi ya 130 huko Rwanda, ng'ambo ya Ziwa Kivu. Kesho yake, Alhamisi, ikawa zamu ya Kalehe, Kivu Kusini. Mito ilishuka na udongo, miti na mawe makubwa, ikabomoa Bushushu na Nyamukubi. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko, watu wamejaa. Waliokufa walipita 400, na wengi hawakuonekana tena. Jumatatu tarehe 8 nchi nzima iliomboleza.

Ilisemwa kwamba janga lile lilishtukiza watu. Kwa Bushushu, hapana. Oktoba 2014 mafuriko yalikwisha kuua wakaaji hapo hapo. Na ardhi yenyewe ilikuwa inasema: tambarare ya Nyamukubi ilitandazwa na mto, ni udongo na mawe yaliyoshuka tangu zamani za mababu. Ndiyo maana mashamba yake yanazaa vizuri. Kuwalaumu waliojenga pale ni rahisi mno. Kati ya mlima mkali na ziwa, wangejenga wapi? Barabara ya Bukavu kwenda Goma inapita kwenye ukingo huo huo.

Mara nyingi mlima hauanguki kwa mvua ya siku moja. Mvua za Machi na Aprili hushibisha udongo kwanza. Ikija nyingine kali, maji hayana pa kuingia tena. Pale miti ilipokatwa, hakuna mizizi ya kushika. Nyufa mpya juu ya shamba, miti iliyoanza kuinama, chemchemi inayotoka pasipokuwa na maji: hizo zinaonekana mapema, hata kabla wingu halijafunga.

Ya kutisha zaidi ni mto kupungua ghafula huku mvua inaendelea. Mtu anaweza kufikiri ni nafuu. Kumbe huko juu udongo umeporomoka na kuziba bonde, maji yanajikusanya nyuma yake, na kizuizi kikivunjika vyote vinashuka pamoja. Hapo hakuna muda wa kukusanya vyombo. Ni kubeba watoto na kupanda pembeni, kwenye mwinuko imara, si kukimbia kufuata bonde.

Familia zilizohama vita zikaweka turubai kando ya mito hii hazikuona 2014 wala 2023. Wenyeji wanaweza kuzionyesha kwa kidole maji yalifika wapi.