VPN imeandika "imeunganishwa"... una uhakika?

Wiki hii watu watatu hapa Nkuhungu wameniuliza swali lile lile: "Kaka, VPN yangu imewaka, niko salama?" Jibu fupi: hujui mpaka upime. Jibu refu lina historia, na mimi mwenyewe nimo.

Tarehe 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya Uchaguzi Mkuu, WhatsApp iligoma, Twitter nayo ikagoma. Twitter wenyewe walitangaza kwamba wanaona huduma yao inazuiwa na kupunguzwa kasi Tanzania. Nikapakua VPN ya bure, alama ya ufunguo ikatokea juu ya simu, nikamwambia mtu aliyekuwa ananipa habari: "Tuma tu, nimejificha."

Wiki kadhaa baadaye ndipo nilipopima. Kumbe kila tovuti niliyofungua, simu ilikuwa bado inaiulizia jina lake kwa seva ya kampuni ya simu! Ujumbe haukusomeka, lakini mahali ninapoingia na saa ninayoingia vilikuwa wazi. Hakupata madhara, namshukuru Mungu. Lakini nilimwahidi kitu nisichokuwa nacho.

Tukumbuke VPN ilianzia wapi. Ile ya PPTP, ambayo maelezo yake yalichapishwa 1999, ilikuwa ya kumwezesha mfanyakazi aliye mbali kuingia kwenye mtandao wa ofisini. Mwaka 2001 James Yonan akatoa OpenVPN, baada ya kusafiri Asia ya Kati na kuhofia mawasiliano yake yanapita mikononi mwa nani. Zote zilikusudiwa kuficha mzigo. Kuficha kwamba kuna handaki halikuwa lengo.

Ndiyo maana VPN hukamatwa kirahisi. Kwanza, anwani za IP za seva zake zinajulikana na huorodheshwa. Pili, kila aina ina mlango wake wa kawaida: OpenVPN 1194, WireGuard 51820. Tatu, hata ukibadili mlango, kuna mitambo inayotambua umbo la salamu za kwanza kati ya simu na seva, bila kusoma kilichomo.

Serikali zetu nazo hazikulala. Uganda ilipoweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwenye mitandao ya kijamii, Julai 2018, watu walikimbilia VPN, na mamlaka ya mawasiliano ikasema itazifunga. Hapa kwetu, Oktoba 2023, TCRA ilitaka watumiaji wa VPN wajisajili kabla ya tarehe 30 mwezi huo, ikitaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020. Kwa hiyo kabla hujawasha, jua sheria inasemaje.

Kupima ni dakika tano tu:

1. Zima VPN, tafuta tovuti inayoonyesha anwani yako ya IP, iandike. Washa, angalia tena. Haijabadilika? Haifanyi kazi.
2. Pima uvujaji wa DNS. Ukiona jina la kampuni yako ya simu, yamekukuta yaliyonikuta mimi.
3. Angalia IPv6 na WebRTC. VPN nyingine hufunika IPv4 tu, na kivinjari kinaweza kutoa anwani yako halisi.
4. Kata VPN ghafla. Kama tovuti zinaendelea kufunguka, hakuna kinga inayofunga mtandao handaki likikatika. Iwashe kwenye mipangilio.

Halafu likaja somo la mwisho. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, hawakufunga mitandao ya kijamii peke yake, ulizimwa mtandao wenyewe, mpaka ulipoanza kurejea 3 Novemba. Mwaka 2020 mlango ulifungwa, tukapitia dirishani. Safari hii barabara yenyewe ilikatwa, na VPN haina pa kupita pasipo na barabara. Alama ya ufunguo haikusaidia kitu.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniuliza kama niko salama, simjibu kwa alama ya ufunguo. Namwambia: subiri kwanza nipime.