Mashauriano ya Ganzi kwa Mtandao

Mama mjamzito wa Kaloleni, mjini Kisumu, akiambiwa kliniki kwamba ataongea na daktari wa nusukaputi kwa njia ya telemedisini, amepewa maneno mawili na yote yanampoteza. La kwanza linamtisha. La pili halimwambii kitu.

Tuanze na nusukaputi. Neno hili limeunganisha nusu yetu na kaputi ya Kijerumani, yaani kitu kilichoharibika, kilichokwisha kazi. Anayeambiwa atapigwa nusukaputi huona ameshafika nusu ya njia ya kaburini. Zamani walau lilikuwa na sababu, maana utulivu ulitafutwa kichwani. Malkia Victoria, ambaye ziwa ambalo Wajaluo wanaliita Nam Lolwe lilipewa jina lake, alivuta klorofomu alipomzaa Leopold mwaka 1853. Mwaka 1879, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia huko Bunyoro, katika Uganda ya leo, mama akipasuliwa na mganga ili ajifungue, baada ya kuleweshwa kwa pombe ya ndizi.

Siku hizi, upasuaji wa kujifungua uliopangwa hufanywa aghalabu kwa sindano ya mgongoni. Dawa kama bupivakaini hutiwa kwenye majimaji yanayozunguka neva za uti wa mgongo, na baada ya dakika chache mama hasikii maumivu kuanzia kifuani kwenda chini. Yu macho, na mtoto akilia anamsikia. Hiyo ni ganzi, neno linalojulikana na kila aliyewahi kukalia mguu ukafa ganzi. Kulazwa usingizi ni jambo jingine, na tofauti yake si ya kamusi tu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Lancet Global Health, kuhusu nchi za kipato cha chini na cha kati, ulikuta kwamba uwezekano wa kufa kwa akina mama waliolazwa usingizi ulizidi mara tatu ule wa waliopigwa ganzi ya mgongo. Ni kweli pia kwamba wanaolazwa usingizi mara nyingi ni wale waliofika hali ikiwa mbaya tayari. Basi mama ana haki ya kujua ni lipi linalomsubiri.

Telemedisini nayo ina mtego wake. Tele ya Kiyunani ni mbali, tele yetu ni wingi, kwa hiyo msikilizaji anaweza kudhani anaahidiwa dawa za kumwaga. Tanzania wamezoea kusema tibamtandao, na kama jina la jumla linatosha. Ila katika shughuli hii tiba haipiti kwenye mtandao. Sindano itabaki katika chumba cha upasuaji. Kinachopita ni maswali, macho na uamuzi, na kwa Kiswahili mambo hayo huitwa mashauriano.

Mashauriano yenyewe huwa hivi. Muuguzi aliye na mama hupima presha, uzito na wingi wa damu, kisha husoma matokeo kwa daktari aliye upande wa pili wa simu. Daktari huuliza: umewahi kupasuliwa? Kuna dawa inayokudhuru? Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Katika ukanda wa ziwa, ambako malaria na selimundu ni magonjwa ya nyumbani, maswali ya upungufu wa damu hayarukwi. Halafu mama huelekeza uso kwenye kamera, hufungua kinywa na kutoa ulimi bila kutoa sauti. Daktari anatafuta kidakatonge. Kipimo hiki kilielezwa na daktari Mallampati mwaka 1985: kidakatonge kisipoonekana, huenda ikawa vigumu kuingiza mpira wa kupumulia, na ni heri jambo hilo lijulikane wiki kadhaa mapema kuliko usiku wa manane.

Lugha hupimwa hata katika agizo la kufunga. Daktari akisema "usile saa sita", mama ataruka chakula cha adhuhuri na kula saa saba. Aambiwe hivi: tangu ule chakula chepesi hadi upasuaji zipite saa sita; ikiwa ni ugali na mbuta wa kukaanga, zipite saa nane; maji matupu, saa mbili.

Msomaji atauliza: Kaloleni ni mjini, mtandao wa nini? Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wakazi wa Kisumu bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, ni safari fupi ya bodaboda. Lakini uhaba hapa ni wa madaktari. Shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa ganzi linapendekeza madaktari bingwa wasiopungua 5 kwa kila watu 100,000, na Kenya haijafikisha hata mmoja. Kazi kubwa inabebwa na matabibu na wauguzi waliosomea ganzi, kama wauguzi waliofunzwa katika hospitali ya Kijabe tangu 2007. Ikiwa hali ni hiyo mjini, mama wa kisiwa cha Mfangano, ambaye lazima kwanza avuke kwa boti hadi Mbita, anauhitaji mtandao zaidi.

Sheria iko tayari. Sheria ya Afya ya 2017 iliitambua huduma ya afya kwa njia ya kielektroniki, na ya Afya ya Kidijitali ikafuata mwaka 2023. Ile ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya miongoni mwa zile nyeti, kwa hiyo mama asihojiwe kwenye benchi la foleni.

Kwa hiyo kliniki ziandike mashauriano ya ganzi kwa mtandao, na nusukaputi iachiwe historia. Nawe mama, siku hiyo nenda na kitabu cha kliniki na dawa zote unazotumia, uulize waziwazi: nitapigwa ganzi au nitalazwa usingizi? Lakini ukitokwa na damu, ukipata degedege, au kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, usisubiri simu ya daktari. Nenda hospitalini mara moja.