Habari za Malengelenge na Majeraha Madogo ya Moto

Katika Mandawa yetu, na kote Ruangwa na Nachingwea, hakuna nyumba isiyojua lengelenge. Mkulima hulipata kiganjani kwa mpini wa jembe mvua za kwanza zinyeshapo. Mama hulipata kwa mvuke wa chungu. Mtoto hulipata kwa uji uliomwagika. Na wakati wa korosho hulipata kila abanguaye bila kujihadhari. Kwa kuwa jambo hili ni la kila siku, wengi hudhani kwamba halina historia. Kumbe historia yake ni ndefu, na ndani yake mna makosa mengi ya watu wenye elimu na ya wasio na elimu. Nimeona vema kuieleza hapa kwa ufupi, maana ajuaye jinsi wengine walivyokosa hatakosa upesi kama wao.

Nami naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadha iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alifika shuleni asubuhi, vidole vimejaa malengelenge, kwa kuwa usiku alimsaidia mama yake kubangua korosho. Nilimhurumia, nikatwaa mwiba wa mlimao nikayatumbua yote, kisha nikampaka mafuta ya taa, kama nilivyoona watu wakifanya utotoni mwangu. Siku ya nne mkono ulivimba na kutoka usaha. Mtoto yule alikaa karibu mwezi mzima bila kushika kalamu, na mama yake hakunilaumu hata kidogo, jambo lililoniumiza zaidi. Tangu siku ile nimetafuta kujua kweli ya jambo hili.

Kwanza yafaa tujue lengelenge ni kitu gani. Ngozi ya mwanadamu ina tabaka mbili, ya juu nyembamba na ya chini nene. Moto, au msuguano, au utomvu mkali, huzitenga tabaka hizo, na katikati yake hujaa maji yatokayo mwilini. Chini ya maji hayo ngozi mpya huanza kujijenga. Basi lile gamba la juu ni kama paa la nyumba ambayo mafundi wangali ndani wakifanya kazi. Atumbuaye lengelenge ameezua paa wakati wa mvua.

Watu wa kale hawakulijua hilo, lakini walijua maumivu, wakatafuta dawa. Misri kuna maandishi ya uganga yaliyoandikwa yapata miaka 1550 kabla ya Kristo, yaitwayo Papiro ya Ebers. Ndani yake twasoma dawa za kuungua, nyingine kwa siku zake: tope jeusi, mavi ya mnyama, nta, mafuta, na maneno ya kuombea. Tusiwacheke. Hata leo ukipita vijijini utaona mtoto aliyeungua akipakwa majivu, au ute wa yai, au unga, au dawa ya meno. Wazo ni lile lile, kwamba jeraha lataka kupakwa kitu, na apakaye kingi ndiye apendaye zaidi.

Mtu mmoja aliyeanza kulipima wazo hilo alikuwa Ambroise Paré, mpasuaji wa Ufaransa, katika karne ya 16. Siku moja mtoto wa jikoni alianguka ndani ya mafuta yanayochemka. Paré alipokwenda kutafuta dawa, bibi mmoja mzee wa shamba alimshauri apake vitunguu vilivyopondwa pamoja na chumvi. Paré hakumdharau bibi yule, wala hakumwamini mara moja. Alipaka vitunguu sehemu moja ya jeraha, na sehemu nyingine akapaka dawa zilizozoeleka, kisha akatazama ni wapi malengelenge yatatoka. Akaona kwamba palipopakwa vitunguu hayakutoka. Siku hizi madaktari hawatumii vitunguu; wala sisemi habari hii ili mtu akavitwange. Naisema kwa ajili ya ile njia yake: kumsikiliza mzee, kulinganisha, na kukubali macho yanaloshuhudia.

Mwaka 1799 mpasuaji Mwingereza, James Earle, aliandika kitabu kidogo kusifu ubaridi juu ya majeraha ya moto. Neno lake halikufuatwa na wengi, labda kwa sababu maji ni kitu kinyonge machoni pa watu. Hayana harufu ya dawa wala hayauzwi dukani. Mwaka 1867 Joseph Lister, aliyekuwa akifanya kazi Glasgow, alitangaza ya kuwa usaha wa vidonda waletwa na vijidudu visivyoonekana, na kwamba vyaweza kuzuiwa. Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini mkono wa mwanafunzi wangu ulioza. Mwiba wangu uliwafungulia adui mlango.

Lakini elimu haikuwaokoa wataalamu na kosa jipya. Mwaka 1925, katika mji wa Detroit huko Marekani, daktari Edward Davidson alianza kutia majeraha ya moto dawa ya tanini. Hii ni ile iliyomo katika chai nzito na katika magome ya mikoko, yaliyokuwa yakipakiwa majahazini katika pwani yetu ili kutengenezea ngozi za wanyama. Tanini ililikausha jeraha likawa gumu kama ngozi ya kiatu. Maumivu yalipungua, na madaktari wa nchi nyingi wakafurahi; kwa muda wa miaka 15 hivi dawa hiyo ikatawala hospitalini. Kisha vilikuja Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1940 marubani wengi wa Uingereza waliungua mikono na nyuso, na lile gamba gumu liliwakunja vidole na kuwavuta kope za macho. Mpasuaji Archibald McIndoe, aliyewatibu katika mji mdogo wa East Grinstead, aliikataa tanini akawaogesha wagonjwa wake katika maji ya chumvi. Yasimuliwa kwamba alitambua ya kuwa marubani walioangukia baharini walipona vizuri kuliko walioangukia nchi kavu. Baadaye ilionekana pia kwamba tanini huweza kuharibu ini, ikaachwa.

Basi angalieni, ndugu zangu. Bibi wa kijijini apakaye majivu na daktari mkuu apakaye tanini walikosa kosa moja. Tofauti ni hii tu, kwamba daktari alipoona madhara aliacha. Na sisi tukiona twaweza kuacha.

Tena katika nchi yetu tuna sababu zaidi ya kujifunza, nayo ni mkorosho. Mti huu asili yake ni Brazili, na Wareno ndio waliouleta katika pwani za Afrika ya Mashariki katika karne ya 16. Huku kusini ulienea sana, hata katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000. Ganda la korosho lina mafuta meusi makali, yawezayo kubabua ngozi kama moto, na yakitiwa motoni huruka na kuwaka. Mkorosho na mwembe ni ndugu wa ukoo mmoja. Ndiyo maana mtoto alaye embe bila kuosha utomvu wake hupata vidonda pembeni mwa mdomo. Wabanguaji wazoefu hujipaka mafuta au majivu mikononi kabla ya kazi, wakati ngozi bado nzima, ili mafuta ya ganda yasiwaguse. Huo ni ujuzi mwema. Lakini majivu yanayolinda ngozi nzima hayafai juu ya jeraha. Mafuta ya ganda yakikugusa, yapanguse upesi, kisha osha kwa sabuni na maji mengi.

Kuhusu hospitali, babu zetu walikwenda mbali kuzitafuta. Daktari Leader Stirling, mpasuaji Mwingereza, alifika upande wa Masasi mwaka 1935 akafanya kazi Lulindi. Mwaka 1949 akahamia Mnero, katika nchi ya Nachingwea. Baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, tangu 1975 hata 1980. Siku hizi zahanati zimeongezeka. Hata hivyo hakuna zahanati iliyo karibu kama mtungi wa maji ulio nyumbani, na jeraha la moto lataka msaada katika dakika zile za kwanza. Kwa sababu joto halitoki mara mtu aondokapo motoni. Hubaki ndani ya nyama likiendelea kuunguza.

Haya ndiyo yanayofundishwa na waganga wa leo. Mtu akiungua, mwondoe motoni, mvue pete, bangili na nguo iliyo juu ya jeraha, ila iliyoshikamana na ngozi usiivute. Kisha mmwagie maji safi ya baridi pole pole kwa muda wa dakika 20. Hata kama saa mbili zimepita, maji yangali yanafaa. Wakati wa kiangazi, maji yanapokuwa ya kutafuta, kinga beseni safi chini, uyachote maji yale yale umwagie tena. Barafu usitumie, maana nayo huumiza ngozi. Mtoto mdogo umfunike mwili uliobaki asipate baridi. Baada ya hapo funika jeraha kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi za kunata, bila kukaza. Lengelenge liache. Likipasuka lenyewe, osha kwa maji safi na sabuni, ufunike.

Lakini lisilo dogo lisifanywe dogo. Nenda zahanati au hospitali bila kukawia ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mwenyewe; ikiwa liko usoni, mkononi, mguuni, kwenye kiungo au sehemu za siri; ikiwa ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi na haina maumivu, maana hapo moto umeingia ndani; ikiwa aliyeungua ni mtoto mchanga au mzee; au ikiwa usaha na homa vimetokea. Huko pia utaulizwa habari za chanjo ya pepopunda.

Yule mwanafunzi wangu alipona, lakini kidole chake kimoja hakinyooki vizuri hata leo. Kila nimwonapo hukumbuka ule mwiba. Sikuwa na nia mbaya, wala wale waliopaka tope kule Misri, wala mabwana wa tanini. Huruma twaishiriki sote. Iliyotupungukia ni subira ya kumwaga maji na kuiacha ngozi ifanye kazi yake. Basi leo jioni, kabla hujalala, tazama kama mtungi una maji na kama chungu cha uji kimewekwa mbali na mikono ya watoto.