Bagamoyo: Shule Iliyozaa Parokia

Kanisa Katoliki Tanzania lilipoadhimisha miaka 150 ya uinjilishaji mwaka 2018, lilihesabu tangu 1868, mwaka ambao Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walihamia Bagamoyo. Hesabu hiyo ni halali, ila inaruka hatua moja. Kazi ilikwisha kuanza Unguja mnamo Desemba 1860, Padri Armand Fava alipowasili kutoka kisiwa cha Réunion pamoja na mapadri wenzake na masista, wakafungua hospitali, shule na karakana. Padri Antoine Horner aliipokea kazi hiyo mwaka 1863, na miaka mitano baadaye akaivusha bahari, maana watoto walihitaji ardhi ya kulima na Bagamoyo ilikuwa nayo. Kwa hiyo mpangilio tuliouzoea hapa umepinduka. Kwingineko waumini hujenga kanisa, kisha wakadai shule. Bagamoyo watoto wa shule ndio waliokuja kuwa waumini.

Watoto hao hawakuletwa na wazazi. Wengi walinunuliwa kwenye soko la watumwa la Unguja, na wengine walikabidhiwa na wanamaji wa Uingereza walionasa majahazi ya biashara hiyo. Walifundishwa kusoma, katekisimu, useremala, uhunzi na kilimo; wakikua walioana, wakapewa nyumba na kipande cha shamba katika kijiji cha Wakristo kando ya misheni. Kimbunga cha 1872 kiliangusha majengo, yakajengwa upya. Misheni ilipoanza kwenda bara, Mhonda mwaka 1877 na baadaye Mandera, mapadri walichukua familia kutoka kijiji hicho ziwe kiini cha vituo vipya. Parokia za bara, basi, zilipandwa na watu waliowahi kuuzwa, jambo ambalo vitabu vya jubilei hulitaja kwa haraka mno, kana kwamba ni aibu.

Wapo wanaosema kununua watumwa, hata kwa nia ya kuwakomboa, kuliwatajirisha wauzaji. Ni kweli, na kusema kwamba misheni ilinunua wachache tu kati ya maelfu waliopita sokoni hakuwasafishi mapadri. Lakini hoja hiyo inamhukumu mnunuzi, haimfuti mwanafunzi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba uhuru wa kijiji kile ulikuwa wa nusu: kengele ilipanga siku, kazi ya shamba ilikuwa lazima, na wapo waliotoroka. Hao waliotoroka wahesabiwe pia katika historia ya parokia, kwa kuwa kukimbia kwao kunaonyesha kwamba wenzao waliobaki hawakuwa udongo mikononi mwa mfinyanzi. Waliobaki, wakaoa, wakaenda Mhonda kufundisha dini kwa Kiswahili, walifanya jambo ambalo Horner peke yake asingeliweza.

Litasemwa pia kwamba shule ilishindwa, kwa sababu Bagamoyo yenyewe ilibaki mji wa Waislamu. Lakini mwambao ulikuwa na vyuo vya Kurani karne nyingi kabla ya meli ya Fava, na mzazi wa pwani hakuwa na haja ya kumpeleka mwanawe kwa padri ajifunze kusoma. Kuipima shule hii kwa idadi ya wenyeji iliyowabatiza ni kuidai kazi ambayo wanafunzi wake hawakuletwa kuifanya. Wao walikuwa watu wa bara, na mavuno yao yalikuwa bara. Kanisa kubwa lililoanza kujengwa Bagamoyo mwaka 1910 na kukamilika 1914 liliinuliwa wakati vituo vya bara, hadi Kilema kwenye Kilimanjaro, vilikuwa vimekwisha simama. Hata uongozi ulifuata njia hiyo hiyo: Vikarieti ya Bagamoyo, iliyoundwa 1906, iligeuzwa mwaka 1953 kuwa Jimbo la Morogoro.