Asbesto: Nyuzi Zilizojificha Ukutani

Weston, kijiji cha zamani kando ya Mto Humber nchini Kanada, kina nyumba nyingi zilizojengwa kabla ya 1990. Katika nyumba za umri huo, asbesto huweza kuwamo kwenye vigae vya sakafu, darini, au kwenye vitambaa vyeupe vilivyoviringishiwa mabomba ya maji moto. Ilipendwa kwa sababu haishiki moto na ni ya bei rahisi. Kanada yenyewe iliichimba Quebec hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010.

Isipoguswa, hatari yake ni ndogo. Ikikatwa au kukwanguliwa, hutoa nyuzi zisizoonekana kwa macho, zinazonasa mapafuni. Saratani huweza kujitokeza miaka 20 hadi 50 baadaye. Kanada iliipiga marufuku 2018. Ukiishuku, usiiguse: mwite mtaalamu.